Tela la kufungwa la pikipiki sita: pima kilo kwanza, chuma utanunua baadae

Msomaji wa Masasi kaniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina duka la pikipiki hapa Masasi, msimu wa korosho wateja wangu wengi wako Nachingwea, Newala na Tandahimba, nawapelekea kwa Hilux yangu, tunapakia mbili mbili nyuma kwa kubanana, zikifika matangi yamechubuka na vumbi limejaa mpaka kwenye spidomita, mteja anaanza kuniangusha bei. Nataka tela lililozibwa pande zote libebe sita kwa mpigo. Fundi wa hapa kanichorea: urefu mita 4.5, upana 2, kimo 2 ili mtu asimame ndani, fremu ya engo za inchi mbili, bati geji 16, sakafu cheka pleti ya milimita 4, ekseli moja katikati kabisa ili mzigo ubalansi. Anasema litadumu miaka 30. Nimpe hela aanze?"

Marahaba mdogo wangu. Usimpe hela kwanza, na wala usigombane nae, maana huyo fundi anajua kuchomelea, ila hajapiga hesabu. Miaka 30 simbishii kabisa, hilo tela litadumu hata 40. Kitakachokufa ni klachi ya Hilux yako, na Mungu apishie mbali, pengine na wewe mwenyewe kwenye mteremko wa kushuka Newala.

Tufanye hesabu ya darasa la saba tu. Pleti ya chuma yenye unene wa milimita 1, ukubwa wa mita moja kwa moja, ni karibu kilo 8 (7.85 kwa usahihi). Hiyo namba iweke kichwani maana ndo kazi nzima. Cheka pleti ya milimita 4 pamoja na yale maua yake inafika kilo 33 kwa mita ya mraba, sakafu yako ni mita 9 za mraba, tayari kilo 300. Bati geji 16 ni milimita 1.5 na kidogo, weka kilo 12 kwa mita ya mraba, kuta nne na paa ni mita 35 za mraba, hapo kilo 420. Yaani 720 na bado hujaweka hata engo moja. Engo ya inchi mbili yenye unene wa milimita 5, ile ya mita 6, moja ina kilo 22 na kitu, kwa fremu aliyochora sioni akimaliza na chini ya 15, ongeza 340. Ekseli, springi, tairi, mlango, mkono wa kuvutia, hapo usishangae tela tupu likiwa na kilo 1,250. Sasa pakia. Bodaboda za kawaida hizi za 125 na 150 ni kama kilo 110 mpaka 130 kila moja, tuseme 125, sita ni 750. Jumla tani mbili! Unavuta tani mbili kupeleka mzigo wa kilo 750, na hilo tela halina breki maana kwenye mchoro sijaona neno breki popote.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni kwamba tela la pikipiki linajengwa kwa mizani. Mzigo wako ni mrefu na mwepesi, siyo kokoto. Bati la ukuta kazi yake kuzuia vumbi na mvua tu, halibebi kitu, kwanini liwe nene kama lango la benki?

Mi ningefanya hivi. Boksi la ndani urefu mita 4.4, upana 1.9, kimo 1.7. Najua kusimama ndani unakutamani lakini pikipiki na vioo vyake ni kama mita 1.1, we ukiinama kidogo dakika kumi za kufunga mikanda hutakufa, na ile sentimita 30 unayoipunguza juu ni upepo ambao injini haitausukuma kutoka Mtwara mpaka Nachingwea. Pikipiki zinakaa safu mbili za tatu tatu. Usukani wa moja una upana wa sentimita 75 mpaka 80, tatu zikipangwa sambamba haziingii kwenye mita 1.9, ila ya katikati ukiigeuza iangalie nyuma, usukani wake unaangukia kwenye makalio ya jirani zake na zinaingia bila kugusana. Kabla ya kukata chuma chora hilo boksi kwa chaki kwenye sakafu ya duka lako, pikipiki si unazo, zipange usiku mkishafunga uone. Bure kabisa na itakuokoa.

Chasisi tumia bomba la pembe nne 75 kwa 50 unene milimita 3, linakuja kilo 5.5 hivi kwa mita. Mbili ndefu pembeni, za kukatiza kila baada ya sentimita 60, na mkono wa kuvutia wenye umbo la herufi A ambao unaingia mpaka chini ya boksi ushike angalau kipande cha tatu cha kukatiza, usiishie kwenye ukingo wa mbele, pale ndo matela mengi yanakatika. Jumla ya chasisi nzima ni kama kilo 160. Mbavu za boksi skwea paipu 30 kwa 30 milimita 1.5, kilo 80. Ngozi ya nje bati bapa la zinki la nusu milimita, mita 30 za mraba ni kilo 120, ukipata alumini ya milimita 1.2 inashuka mpaka 97 lakini bei yake utalia. Sakafu marini bodi ya milimita 18, hapo ni kilo 100 kasoro. Ongeza ekseli na tairi 150, mlango wa nyuma 45, nyaya na makorokoro mengine, unamaliza na tela la kilo 700. Ukipakia sita ni 1,450. Hilux nzima inavuta hiyo, ila hapa kuna sharti.

Sharti ni breki. Fungua kitabu cha gari lako utakuta namba mbili, uzito wa kuvuta tela lenye breki na lisilo na breki, na ile ya pili kwa pikapu nyingi ni kilo 750 tu. Ulaya huko tela likizidi kilo 750 breki ni lazima kisheria, na siyo kwamba Wazungu wanapenda kutumia hela. Fizikia ya Newala ni ile ile. Sasa hapa kwetu suluhisho ambalo nimelitumia ni kutafuta ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokufa, yenye dramu zake na breki shuu zake, unatoa difu na shafti za ndani kupunguza uzito (hakikisha habu, vile vitovu ambavyo tairi linafungwa, bado zimeshikwa na beringi zake, kuna ekseli ukitoa shafti tairi linaondoka nayo, hizo achana nazo), unaziba tundu, halafu mbele kwenye mkono unafunga breki ya msukumo. Hii inafanya kazi hivi: gari likipunguza mwendo tela linasukuma kuja mbele, ule msukumo unaminya kipampu kidogo cha breki pale kwenye kichwa cha mkono kinachoshika gari, mafuta ya breki yanakwenda kwenye dramu. Hakuna waya wala kompyuta. Halafu ekseli yenye nati zinazolingana na za Hilux yako ina faida nyingine, Hilux nyingi ni nati sita, tairi la tela na la gari linakuwa rimu moja, speya moja inatosha kwa wote wawili. Ukipasuka tairi usiku kati ya Mtama na Ndanda utanikumbuka.

Springi za pikapu ni ngumu kwa tela la kilo 700, likiwa tupu litaruka kama mbuzi na mbavu zitapasuka kwenye viungo. Toa jani moja moja la springi mpaka likiwa na mzigo linakaa vizuri, usiogope.

Haya, ekseli ikae wapi. Hapa naomba usome taratibu maana fundi wako kasema katikati kabisa, na hilo neno ndo limenifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Tela lililobalansi katikati kwa ekseli moja ni bembea. Mimi la kwanza kabisa kulitengeneza nililiweka hivyo hivyo, la kubebea jenereta, nikajiona fundi, mkono unainuliwa kwa kidole kimoja. Tulipofika spidi 80 kwenye lami likaanza kucheza mkia, kushoto kulia kushoto kulia, kila mara zaidi ya mwanzo, na dereva wangu akafanya kile ambacho kila mtu anafanya, akakanyaga breki. Tuliishia mtaroni kwenye mikorosho ya watu, hakuna aliyeumia ila jenereta ililala chali. Likianza kucheza hivyo unatoa mguu kwenye mafuta tu, unashika usukani unyooke, unaliacha lipoe lenyewe. Lakini la msingi lisianze.

Ili lisianze, mkono lazima ulale juu ya gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Kwa tela lako la 1,450 ni kilo 145 na kuendelea. Ukiwa na mkono wa mita 1.2 kutoka kwenye mpira wa kuvutia (lile tufe la chuma nyuma ya gari) mpaka ukingo wa boksi, ekseli inakaa sentimita 40 nyuma ya katikati ya boksi, hapo unapata kama kilo 150 mbele. Lakini usiniamini mimi, pima. Fundi ashike springi kwa pointi chache tu za kuchomelea, mpakie pikipiki sita, halafu mkono uulalishe juu ya mizani. Mizani ya bafuni inaishia 120 au 150 utaivunja, nenda chama cha msingi waombe ile ya kupimia korosho, nje ya msimu inakaa bure. Ikisoma chini ya 145 sogeza ekseli nyuma, ndo uchomelee moja kwa moja.

Na hizo kilo 150 zinahesabika kama mzigo wa Hilux, usijaze tena mifuko ya saruji nyuma.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba hesabu inabadilika njiani. Umeshusha tatu Tandahimba, umebaki na tatu. Kama zilizobaki ni za safu ya nyuma, ule mkono unabaki na kilo kama 5, yaani tela tayari ni bembea bila wewe kujua. Zikibaki za safu ya mbele mkono unakuwa na zaidi ya 220, nyuma ya gari inakaa chini na taa zinamulika nyani kwenye miti. Kwa hiyo weka pete za kufungia safu ya tatu, pale katikati ya boksi, mbele kidogo ya ekseli, na kila ukishusha unazisogeza pikipiki zilizobaki hapo. Kazi ya dakika tano.

Sakafu iwe chini. Boksi likae katikati ya tairi, tairi zitokee nje na madigadi, usiliweke juu ya tairi (ekseli ya pikapu ilivyo ni fupi kwa boksi la mita 1.9, itabidi fundi airefushe). Sakafu ikiwa sentimita 50 kutoka ardhini, na mlango wa nyuma ukilala kama daraja la mita 1.7 au 1.8, mwinuko ni nyuzi 16 hivi, kijana mmoja anaisukuma pikipiki mpaka ndani. Ukiweka juu ya tairi sakafu inakuwa 80, mwinuko nyuzi 26, unahitaji watu watatu na matusi, na injini inagusa pale kwenye ukingo. Mlango ufunguke kwa kwenda chini na uwe na springi au kamba ya kusaidia kuinua.

Sasa vumbi, ndo kilio chako. Ukishaziba boksi utadhani umemaliza, kumbe vumbi haliingii mbele, linaingia nyuma. Tela likitembea linaacha utupu mgongoni mwake na ule utupu unanyonya vumbi la tairi zako mwenyewe kupitia kila upenyo wa mlango. Nimeona tela limezibwa kwa silikoni mpaka basi, likafunguliwa Newala ndani nyekundu tupu. Dawa ni mbili pamoja. Mlango uwe na mpira mzuri wa kuzunguka, ule wa milango ya magari chakavu unafaa, na halafu mbele juu kabisa ya boksi uweke tundu linaloangalia mbele, kama mdomo wa bata, limewekwa sponji la chujio la hewa ndani. Upepo unaingia pale ukiwa safi, boksi linakuwa na hewa iliyosukumwa zaidi kidogo kuliko nje, hewa inakuwa inatoka kwenye nyufa badala ya kuingia. Mvua ikinyesha liwe na kifuniko.

Hilo tundu lina kazi ya pili na hii sitanii. Petroli. Boksi la bati juani Masasi saa nane mchana ni oveni, na pikipiki kila moja ina tangi linalopumua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni, hauonekani. Kwa hiyo matundu mawili ya chini pembeni, usawa wa sakafu, ukubwa wa kiganja, yenye wavu na kibati kidogo cha kuzuia maji, ni lazima, siyo urembo. Ile hewa ya mbele inaingia juu inatokea chini. Safirisha na mafuta kidogo sana, funga tapu ya kila pikipiki, taa ya ndani isiwe na swichi ya kienyeji ya kutoa cheche, na ukifungua mlango simama pembeni dakika mbili kabla hujaingia. Na anaeingia na sigara mrudishe kwao.

Kufunga pikipiki. Mipira ya tairi ya ndani ile tunayofungia kila kitu hapa kusini, kuku, godoro, mbao, kwenye hili tela marufuku. Mpira unavutika, gari likiruka tuta pikipiki inaruka nayo. Nunua mikanda ya racheti, minne kwa kila pikipiki. Tairi la mbele linaingia kwenye kishikio cha chuma kilichofungwa sakafuni kwa bolti, halafu mikanda miwili ya mbele inashika ile pingili ya chini inayounganisha shokapu mbili za mbele, chini ya usukani, siyo kwenye usukani wenyewe, maana usukani unapinda na levi zinavunjika. Inavuta chini na kwenda pembeni, unakaza mpaka shokapu zinashuka kama nusu ya safari yake, siyo mpaka zigote maana sili za mafuta zitapasuka. Miwili ya nyuma inazuia mkia usihame. Stendi iwe imekunjwa, ukiiacha chini uzito wote wa kurukaruka unaenda kwenye kipande kile kidogo na fremu inapasuka pale ilipochomelewa. Pete za kufungia zipitishe bolti mpaka kwenye chuma cha chasisi, pete iliyoshika ubao tu itang'oka na kipande cha ubao. Ukitoka, baada ya kilomita 20 simama ukaze tena, mikanda huwa inalegea mwanzoni. Simama pembeni, nunua maji, kaza.

Kutu najua Masasi mko bara mnatucheka sisi wa pwani, lakini tela litashuka Mtwara kuchukua mzigo na hewa ya chumvi inalijua jina lako. Toboa vitundu vya kutolea maji chini ya kila bomba, piga rangi ya zinki kabla ya rangi ya kawaida, na bati lishikwe kwa ribiti na silikoni, usilichomelee, nusu milimita itatoboka na kujikunja kama chapati. Mkichagua alumini weka ukanda wa mpira kati yake na chuma, vikigusana na unyevu wa chumvi alumini inaliwa. Na fundi wako akichomelea chochote chenye zinki afanye nje kwenye upepo, asage kwanza ile zinki kwa grenda pale anapochoma. Ule moshi mweupe unaleta homa ya usiku kama malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii kitu, tunakunywa kwa sababu ni matamu.

Taa nitapita haraka. Waya wa hasi uwe na njia yake mpaka kwenye plagi, usitegemee mpira wa kuvutia upitishe umeme, una grisi na kutu. Nilishatozwa faini usiku karibu na Mnazi Mmoja pale Mingoyo kwa tela ambalo mchana taa zake zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, ukipiga tuta zinazima, na trafiki alikuwa na haki. Rifleksta nyekundu nyuma, za manjano pembeni. Mpira wa milimita 50 na kichwa cha saizi hiyo hiyo, kuna vichwa vya Kimarekani vinafanana kwa macho ila saizi si yake, usilazimishe. Ndoano ifungwe kwenye chasisi ya Hilux siyo kwenye bampa, na minyororo miwili ipishane chini ya mkono kama herufi X, kichwa kikichomoka mkono udakwe usichimbe lami.

Kabla hujakata chuma cha kwanza nenda TRA na kwa trafiki na mchoro mkononi uwaulize wanataka nini ili tela lisajiliwe na lipate bima, ni rahisi kubadilisha mchoro kuliko kubadilisha tela.

Likikamilika usiende na pikipiki mpya za wateja. Weka gunia tisa za korosho za kilo 80, hata za mchanga sawa, hiyo ni 720, zigawanye sawa mbele na nyuma, nenda kilomita 15 na kurudi kwa spidi 60. Ukisimama shika habu zote mbili kwa kiganja. Vuguvugu sawa. Ikikuunguza, beringi umeikaza sana au breki shuu inashika, rekebisha urudie. Ukiona moja ni vuguvugu na nyingine ya baridi, ile ya baridi breki yake haifanyi kazi. Ukishapata ekseli nitumie picha ya habu ikiwa imefunguliwa kabla fundi hajatoa shafti, nitakwambia kama ni ile unayoweza kutoa shafti au ni ya kuachana nayo.